"Majeshi yetu" yapi hayo? Dokumentari za vita vya Tanga zinatutukana

Wakuu,

Jana usiku niko sebuleni na mzee, kituo kimoja cha TV cha hapahapa nchini kinarusha dokumentari ya Vita Kuu ya Kwanza Afrika Mashariki. Imetengenezwa Uingereza, imetiwa sauti ya Kiswahili. Mara msimulizi: "Novemba 1914 majeshi yetu yalitua Tanga." Mzee akanigeukia: "Yetu na nani?"

Nikakosa jibu. Yaani mtafsiri, Mtanzania mwenzangu, ameona neno hilo akalipitisha hivyohivyo!

Waingereza walichapwa Tanga, basi lawama zote wakabebeshwa nyuki waliowauma vitani. Nyuki wamepewa muda mrefu kuliko Wahindi waliojaa kwenye lile jeshi lililotua. Na mshindi ni Lettow-Vorbeck tu, jemadari wa Wajerumani. Askari weusi, ndio waliokuwa wengi katika jeshi lake, wanapita kwenye picha kama miti ya pembeni.

Nikahamia ya Wajerumani YouTube. Afadhali ningelala. Kule ni jemadari asiyeshindwa mwanzo mwisho, mpaka anasalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918 kinanda kinalia kwa huzuni. Maji Maji, ambayo Wajerumani waliizima kwa kutumia askari weusi, iliyoisha 1907, miaka saba tu kabla ya Tanga, haikupata hata sentensi moja. Hao askari wake walitokea wapi, walishuka na mvua?

Kilichonichefua zaidi ni wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake walikufa karibu laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, si risasi. Nilihesabu: wamepewa sekunde kumi na moja, mizigo kichwani, hakuna jina hata la mmoja. Na sisi kila siku tunashuka Kariakoo kugombania bei ya viatu, wakati jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, ilikuwa kambi yao hao hao.

Mzee ni Mgogo. Alikaa mpaka mwisho akisubiri waitaje Mtunya, njaa iliyofyeka Ugogo baada ya majeshi yote mawili kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Majina ya watumishi wa kamera yakaanza kupanda, akainuka kwenda kulala bila kuaga.

Kesho saa tatu usiku wanarusha sehemu ya pili, kutekwa kwa Tabora. Sasa Tabora waliingia Wabelgiji, Septemba 1916. Nasubiri nisikie hapo "yetu" itakuwa ya nani.