Tupeane uzoefu: jiko la Carnivore lilivyobadili ulaji wa nje Nairobi

Mleta mada

Wadau, hamjambo. Mimi ni mpishi, nimefanya kazi kwenye majiko ya Nairobi tangu nimalize chuo, na kuna hoja ninayoishikilia kila tukikaa na wenzangu baada ya zamu: hakuna jiko lililobadili ulaji wa nje mjini humu kuliko lile la mkahawa wa Carnivore, Langata. Sisemi ndiko kunakopikwa chakula kitamu kuliko kote. Nasema wengi wamechota pale, hata wale ambao hawajawahi kuvuka lango lake.

Kwa wasioifahamu, ilifunguliwa 1980, si mbali na uwanja wa ndege wa Wilson. Wenyewe ni kampuni ya Tamarind, ambayo tayari ilikuwa na mkahawa wa vyakula vya baharini katikati ya Nairobi tangu 1972, na mwingine Mombasa upande wa Nyali tangu 1977. Yaani watu waliozoea kuuza kamba na kaa kwa wateja wa tai na suti ndio walioamua kuweka pesa zao kwenye nyama choma. Wakati huo ukitaka nyama choma ulikwenda buchani. Unachagua mguu au mbavu zinazoning'inia dirishani, zinapimwa, unalipa kwa kilo, unakaa kwenye benchi kungoja huku ukinywa supu. Mkahawa wa heshima ulikuwa kitu kingine kabisa, na menyu yake kwa kawaida ilikuwa ya Kizungu.

Wao wakauchukua moto wa buchani wakauweka mlangoni. Ukiingia tu unakutana na shimo la mviringo la makaa, na juu yake mapande mazima ya nyama yaliyochomekwa kwenye sime za Kimaasai. Weita anakuja na sime, anaisimamisha kwenye sahani yako ya chuma iliyotoka motoni, anakukatia. Bei ni moja, supu inatangulia, pudini na kahawa zinafunga. Katikati ya meza kuna trei ya ghorofa mbili inayozunguka, imejaa saladi na sosi, na kila nyama ina sosi yake. Juu yake kuna kibendera cheupe. Kikisimama nyama zinaendelea kuja, ukikilaza umesalimu amri. Mwaka 2002 na 2003 jarida la Restaurant la Uingereza liliitaja Carnivore katika orodha yake ya mikahawa 50 bora duniani.

Mnaofanya kazi jikoni mtanielewa nikisema kilichonivutia si bendera. Ni mpangilio wa moto. Paja la ng'ombe halikubaliani na haraka. Ukitaka meza ya saa mbili usiku ile nyama laini, lazima pande liwe limeingia motoni mapema, na jingine nyuma yake, na jingine, bila kujua nani atalaza bendera saa ngapi. Na yote hayo unayafanya mbele za watu. Mchomaji hana pa kujificha.

Basi tupeane uzoefu. Jiko hili lilikugusa wapi? Uliwahi kula, kufanya kazi na mtu aliyepita pale, kuuza mifugo, au kufungua mahali pako kwa mfano wake? Na anayepinga hoja yangu apinge.

Mdau wa Eastlands

Mimi napinga, bwana mpishi, na kwa heshima. Nairobi ilikuwa inakula nyama kabla ya 1980. Baba yangu alikuwa akitupeleka Burma, soko la nyama huku Eastlands, siku ya mshahara, na mpaka leo nikipita pale harufu inanishika shati. Anayekukatia huko hana sime. Ana ubao, kisu kilichonolewa mpaka kimekuwa chembamba, na kichungu kidogo cha chumvi pembeni. Anakukatia vipande vya kutosha tonge, mfupa anausukuma upande wa mkubwa wa meza. Hakuna aliyehitaji kufundishwa na Langata.

Tena kile cha kula mpaka uchoke si desturi yetu. Sisi tunaagiza kilo mbili za watu wanne, tunagawana ubao mmoja, tunazungumza. Kila mtu na sahani yake ya chuma ni ugeni.

Mleta mada

Mkuu, hapo kwenye ubao mmoja nakuunga mkono kabisa, na hata mimi siku ya mapumziko utanikuta kwenye benchi na si kwenye kitambaa cha meza. Lakini niambie: kabla ya hapo, nani angempeleka mkwe au mgeni wa kampuni kula nyama choma, akajiona amemkirimu? Aliyekula Burma alikuwa anakula vizuri. Kilichobadilika ni kwamba chakula kile kile kilianza kuhesabika kuwa karamu.

Mdau wa Rongai

Hilo la mgeni nalithibitisha. Nilipohitimu chuo kikuu marehemu baba alikusanya familia nzima akatupeleka Carnivore. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na najua alivyojinyima kwa ajili ya siku ile. Alivaa koti lake la harusi za watu. Nakumbuka weita alikuja na sime ya kondoo, akamwinamia, akamwita mzee, akamuuliza anapenda sehemu iliyoiva sana au yenye maji maji. Baba alinyoosha kidole akaonyesha hasa anapopataka, karibu na mfupa, na akakatiwa hapo hapo. Alizoea kuchagua nyama buchani, kwa hiyo pale alikuwa mjuzi. Hakuhitaji kusoma menyu ya Kifaransa wala kuuliza uma upi unatangulia. Mama ndiye aliyesimamia bendera, na kila ilipokaribia kulazwa aliinyanyua tena kwa sababu kaka yangu mdogo alikuwa hajashiba.

Kwa hiyo ndugu wa Eastlands, nakubali ubao ni wetu. Lakini baba yangu hakuwahi kuheshimiwa hivyo katika mkahawa mwingine wowote wa mjini.

Mdau wa Thika Road

Mimi ndiye yule mtu wa kuchota bila kuvuka lango. Nilianza kama mwosha vyombo kwenye hoteli moja (siitaji), na mchomaji mkuu wetu alikuwa amepitia Carnivore miaka ya tisini. Alichonifunza bado ndicho kinanilisha.

Kwanza, makaa. Alikuwa hatii nyama mpaka makaa yawe na majivu meupe juu. Ukiweka mapema, mafuta yanadondoka, moto unaruka, nje inaungua na ndani damu. Pili, kugawa moto: upande mmoja makaa mengi, upande mwingine machache, nyama inahama kutoka huku kwenda kule. Tatu, kukata. Unamkatia mteja kutoka nje ya pande, ile sehemu iliyokauka kidogo na kushika chumvi, kisha pande linarudi motoni, sehemu mpya inaiva. Kwa hiyo kila mtu anapata ile ya nje, tamu, na pande halikauki. Hili la tatu sijaliona kwenye bucha yoyote ya zamani. Kule nyama ilikuwa inaiva yote, inakatwa yote.

Sasa nina mahali pangu, meza kumi na mbili, jiko liko mbele barabarani. Nauza kwa kilo na kwa ubao kama Burma, lakini nyama naigeuza na kuikata kama nilivyofunzwa na mzee yule. Nikitembea barabara hii naona majiko yamewekwa mbele kila mahali, moshi ndio tangazo. Wote hawakutoka Langata, sawa. Lakini nawajua watatu ambao walifunzwa na mtu aliyetoka huko.

Mdau wa Kajiado

Naongea upande wa mifugo. Kwetu ni wauzaji mbuzi na kondoo. Zamani mnunuzi wa Nairobi aliangalia uzito tu. Siku hizi wenye mikahawa wanatuuliza umri, amelishwa wapi, dume amehasiwa au la. Mbuzi wa Kimaasai aliyekula majani ya porini ana bei yake na wanaijua. Siwezi kusema ni jiko moja lililoleta hilo, ila mashindano ya choma ndiyo yaliyoleta, na mashindano yalianza pale watu wenye pesa walipoanza kula nyama choma hadharani.

Mdau wa Langata, mzee kidogo

Vijana hamjataja nyama ya porini, na bila hiyo hamjasimulia Carnivore. Miaka ya themanini na tisini, sime zile zilikuja na pundamilia, kongoni, pofu, hata twiga. Ilikuwa halali. Kulikuwa na mashamba makubwa yenye vibali vya kuvuna sehemu ya wanyamapori wao na kuuza nyama. Wageni walitoka Ulaya na Marekani kwa ajili ya hiyo, na nakiri kongoni alikuwa mtamu, nyama kavu isiyo na mafuta, inataka kuliwa ingali moto.

Serikali ikafuta utaratibu huo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mkahawa ulibaki na mbuni na mamba, kwa kuwa hao wanafugwa. Wengi tulidhani ndiyo mwisho wake. Haikuwa hivyo, na kwangu mimi hapo ndipo jiko lilipoonyesha thamani yake. Lililazimika kusimama kwa ng'ombe, kondoo, nguruwe na kuku, nyama ambazo kila bucha inazo, na watu wakaendelea kuja. Nami naunga mkono marufuku ile. Nimeona tambarare za Athi zilivyopungukiwa na wanyama.

Na msisahau Simba Saloon, hapo hapo kwenye uwanja mmoja. Vijana wa Nairobi wengi waliijua Carnivore kwa muziki kabla ya nyama, usiku wa mugithi, ule muziki wa gitaa wa Kikikuyu, ukiwemo. Kula, kunywa na kucheza mahali pamoja mpaka alfajiri, leo kila kiwanja cha choma kinafanya hivyo.

Mdau wa Diani

Upande wa baa niongeze. Kile kinywaji kiitwacho dawa kinachouzwa kila baa ya pwani, vodka, ndimu, sukari, barafu na asali iliyozungushwa kwenye kijiti, umaarufu wake ulitoka hapo Carnivore. Mchanganyaji wake, aliyeitwa Dr Dawa, alikuwa akizunguka mezani na trei yake. Mimi nimechanganya dawa Diani na nimechanganya Unguja, na mgeni huniagiza kabla hata hajafungua menyu. Siri ni kijiti: mteja anaponda ndimu mwenyewe, anaongeza utamu apendavyo. Usimkorogee.

Mdau wa Mombasa, Mji wa Kale

Bwana mpishi, umetaja Tamarind ya Nyali ukapita mbio. Sisi tulioko ng'ambo ya maji tunaiona taa zake kila usiku. Babangu alikuwa mvuvi wa kamba koche. Mahoteli makubwa yalipoanza kuwataka wazima na wakubwa, wavuvi wakaacha kuwachoma mikuki, wakaanza kuwashika kwa mkono na kuwaweka kwenye maji mpaka wafike jikoni. Hiyo ni kazi ngumu zaidi na ilikuwa na malipo bora zaidi.

Lakini kilio changu ni hiki. Nyama choma ya bara imepandishwa hadhi, imepewa sime na bendera. Chakula chetu je? Kuku wa kupaka, samaki wa kupaka, mkate wa sinia, viazi vya karai, bado mtu anavitafuta kwa mama wa kibarazani, na mama huyo akiondoka vimeondoka naye. Nangoja jiko moja litakalofanya kwa kupaka kile Carnivore ilichofanya kwa choma: moto mbele, mpishi aonekane, na tui la nazi lipakwe mteja akitazama.

Mleta mada

Shekhe wangu, hilo umeniwekea moyoni. Kuku wa kupaka anafaa kabisa kwa jiko la mbele, maana kupaka kwenyewe ni tamasha: anageuzwa, anapakwa, tui linachirizika kwenye makaa, harufu inafika barabarani. Kazi iko kwenye tui. Lazima liwe zito la kwanza, na likishapoa haliwezi kungoja siku ya pili. Kwa hiyo mwenye kuanza asitoe menyu ndefu. Kuku na samaki changu tu, jioni tu, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukuna nazi.

Kama kuna mdau Mombasa, Lamu au Tanga aliyejaribu kitu cha namna hiyo, aje atuambie anatumia mkaa gani na bei ameipangaje. Na waliopita jikoni Langata miaka ya themanini, nafasi yenu bado ipo wazi hapa.