Kumchungulia mgeni yuko nchi gani kabla ya kumwomba ruhusa: ni sawa?

Mleta mada: Wakuu, tunaojenga tovuti tuna jambo tunalifanya kimyakimya. Mgeni akifungua ukurasa, kabla hajaona lile bango la kukubali au kukataa vidakuzi (faili ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kivinjari chake ili imkumbuke au imfuatilie), tovuti inaangalia anwani yake ya IP, ile namba ya kifaa chake kwenye intaneti, ili ijue yuko nchi gani. Akiwa Ulaya, anaulizwa. Akiwa kwingine, vidakuzi vya matangazo vinapakiwa bila kumwuliza neno. Kwangu mimi huko ni kupiga hodi ukiwa umeshakaa sebuleni. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unalikuza jambo. IP inafika kwenye seva utake usitake. Bila hiyo ukurasa hauna pa kurudi. Ukiilinganisha na hifadhidata iliyo kwenye seva yako mwenyewe, ukapata herufi mbili zinazowakilisha nchi kisha ukazisahau, umemdhuru nani? Na sheria zenyewe hazifanani. Ulaya mtu akubali kwanza. California, tangu Januari 2020, kinachotakiwa ni apewe njia ya kukataa taarifa zake zisiuzwe. Kwa nini nimchoshe kila mtu kwa sheria ya Ulaya? Watu wenyewe wanabofya "Kubali" bila kusoma.

Mleta mada: IP inafika, sawa. Ila tazama inakopelekwa. Zipo programu-jalizi (vipande vya programu unavyoongeza kwenye tovuti) zisizo na hifadhidata yoyote kwako: zinakiagiza kivinjari cha mgeni kiulize kampuni nyingine "huyu yuko wapi?", na hapo IP imeshakwenda kwa mtu wa tatu kabla bango halijatokea. Mwaka 2016, katika kesi ya Breyer, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hata IP inayobadilikabadilika inaweza kuwa taarifa binafsi. Januari 2022 mahakama ya Munich ikaamuru mwenye tovuti amlipe mgeni euro 100, kisa fonti (maumbo ya herufi) zilizovutwa kutoka seva za Google zilipeleka IP yake huko bila ridhaa. Fonti jamani! Huduma ambayo kazi yake ni kusema mtu yuko wapi utaitetea vipi?

Mchangiaji wa pili: Mimi ugomvi wangu ni ile orodha ya nchi. Niliwahi kurekebisha tovuti ya mteja iliyoandikwa nchi 27 za Umoja wa Ulaya, basi. Norway, Iceland na Liechtenstein hazimo, na GDPR, ile sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inazihusu kupitia Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Uingereza ilifutwa ilipojitoa, ingawa sheria ilibaki nayo. Kichekesho ni Réunion na Mayotte: ni Ufaransa, tena ndani ya Umoja wa Ulaya, lakini ziko Bahari ya Hindi na zina herufi zao, RE na YT, si FR. Kwa hiyo mtu wa Saint-Denis, mji mkuu wa Réunion, alikuwa anahesabiwa wa nje.

Halafu kache, yaani nakala ya ukurasa inayohifadhiwa ili wanaofuata wapewe haraka. Mgeni wa kwanza katoka Marekani, ukurasa ukatengenezwa bila bango, kache ikauhifadhi. Anayefuata yuko Ufaransa, anapewa uleule. Ukijijaribu mwenyewe huoni kosa, maana wewe uko nchi moja tu. Dawa niliyoiona inafanya kazi: ukurasa utoke sawa kwa wote, vidakuzi vikiwa vimefungwa, kisha nchi iulizwe pembeni kwa ombi dogo lisilohifadhiwa. Jibu likikosekana, bango litokee. Huyo mteja wangu kwake ilikuwa kinyume: jibu likikosekana, pita tu.

Mchangiaji wa tatu: Na mwenye VPN, anayepitisha intaneti yake kwenye seva ya kwingine?

Mchangiaji wa pili: Anahesabiwa kwa seva anayopitia. Yeye yuko Berlin, seva iko Singapore, haulizwi. GDPR inaangalia mtu aliko, si anakoonekana, na huyo kwa IP humpati.

Mchangiaji wa kwanza: Sawa, nimekubali kwamba haiko kamili. Lakini tuseme ukweli. Tovuti ndogo inaishi kwa matangazo. Ukimwuliza kila mtu, wapo watakaokataa, na tangazo lisilomjua msomaji hulipwa kidogo. Ndiyo maana tunatafuta nchi.

Mleta mada: Ahsante, maana ile hoja ya kutowachosha watu sikuiamini tangu mwanzo. Hakuna anayechoshwa na swali ambalo halina haja ya kuulizwa: vidakuzi vya kukumbuka kikapu au kumweka mtu ndani ya akaunti yake havihitaji ruhusa hata huko Ulaya. Bango linakuja kwa sababu ya vile vya kufuatilia. Tunachotafuta kwa IP ni yule asiye na sheria ya kutulazimisha tumwulize.

Kwenye tovuti ninayoisimamia sijaiondoa kabisa. Seva yangu inatafuta nchi, haihifadhi, na inaitumia kuchagua maneno tu. Wa Marekani anaona pia kiungo cha "usiuze taarifa zangu". Vidakuzi vya matangazo vinasubiri kwa kila mtu, awe wapi awe.

Mchangiaji wa tatu: Na mapato?

Mleta mada: Yameshuka. Sasa najaribu matangazo yanayofuata mada ya ukurasa, siyo yanayomfuata msomaji. Bado hayajaziba pengo.