Tupeane uzoefu: riwaya ya upelelezi yenye siasa ndani, kundi lenu la kusoma liliichaguaje?

Wakuu, habari za jioni. Zamu imenifikia. Sisi tuko tisa, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa Sinza, kwa dada mmoja mwenye baraza pana na birika la chai ya tangawizi lisilokauka. Kila mwezi mmoja wetu anachagua kitabu. Mwezi uliopita tuliletewa riwaya nene kama tofali. Waliomaliza walikuwa wawili, na mmoja wao ndiye aliyeichagua.

Safari hii nimeahidi upelelezi wa zamani ambao bado watu wanausoma, na ndani yake pawe na wakubwa na siri za serikali, mtu auawe tujiulize nani kaagiza. Mezani nina vitatu: Kikosi cha Kisasi cha Musiba, Petals of Blood cha Ngũgĩ wa Thiong'o, na The Daughter of Time cha Josephine Tey. Uhakiki wa darasani sitaki. Nambieni mlisoma nini, kikao kilikwendaje na mligombania wapi.

Mdau, Mombasa

Sisi tulisoma Petals of Blood na nusura kundi livunjike wiki ya kwanza. Hadithi inaanza na moto. Wakubwa watatu, Chui, Kimeria na Mzigo, wameteketea huko Ilmorog, na polisi wanawashika kwa mahojiano Munira, Abdulla, Karega na Wanja. Basi ndugu yetu mmoja akamaliza mapema, na saa nne usiku akaandika kwenye grupu la WhatsApp jina la aliyewasha. Mtama ushamwagwa, kuku wote washadonoa. Alitukanwa hadi akajitoa. (Siku ya tatu tulimrudisha, kwa kuwa nyumba tunayokutania ni yake.)

Ajabu ni kwamba jina tulilijua na bado tulisoma kwa hamu. Inspekta Godfrey anamtafuta mwenye kiberiti, sisi tukawa tunamtafuta aliyeifanya Ilmorog iwe vile ilivyokuwa, na huyo si mtu mmoja. Pale wanakijiji wanapofunga safari wakati wa ukame, na punda wao, hadi Nairobi kumtafuta mbunge, mama mmoja alifunga kitabu akacheka peke yake. Hakutwambia anachochekea.

Tunaye mwalimu mstaafu kwenye kundi. Akatukumbusha kwamba kitabu kilizinduliwa Julai 1977 na mgeni rasmi alikuwa Mwai Kibaki, waziri wa fedha wakati ule. Desemba mwaka huohuo mwandishi akatiwa ndani, gereza la Kamiti, bila kesi. Sote tulidhani alifungwa kwa ajili ya kitabu. Mzee akasema hapana, ni ile tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyochezwa kwa Kikuyu na wakulima na vibarua wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ. Riwaya ya Kiingereza serikali iliivumilia. Watu wa kawaida kusikia mambo yaleyale kwa lugha yao, hilo halikuvumilika. Tulikaa kwenye hoja hiyo mpaka ikaadhiniwa isha.

Mkikichukua, wapeni watu wiki sita. Wiki nne hazitoshi.

Mdau, Unguja

Mleta uzi, katika vitatu, viwili vya Kiingereza? Haya.

Sisi tulianza na Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla, yule wa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake. Hadithi ile ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58, ikachapwa 1960. Tulikuwa tunapokezana kusoma kwa sauti, na Kiswahili kile ukikisoma kwa sauti kina utamu wake, bwana. Kijana mmoja akauliza, siasa iko wapi humu? Kweli, haimo. Sasa fikiria: Unguja ya 1957, mwaka wa uchaguzi wa kwanza, vyama vinavutana, majirani hawaamkiani, na mtu anakaa chini anaandika kisa cha mauaji ambacho chama hakitajwi. Usiku mzima tulibishana kama aliogopa, alichoka nayo, au alitaka watu wapumue kidogo. Hatukukubaliana.

Ila kama unataka siasa waziwazi, hiki si chako.

Mdau, Leicester

Niruhusuni niitetee The Daughter of Time, maana sisi tunaishi juu ya kaburi la mfalme anayepelelezwa humo.

Tuko Waswahili saba hapa, wengi tunafanya kazi za zamu za usiku hospitalini na kwenye nyumba za wazee. Kitabu ni cha 1951. Mpelelezi Alan Grant amevunjika mguu, kalazwa, anachoshwa na dari, ndipo analetewa picha ya mfalme Richard III, yule anayesemwa aliwaua watoto wawili wa kaka yake katika Mnara wa London. Grant anautazama uso ule na hauoni kuwa wa muuaji. Basi anapeleleza kesi ya karne ya 15 bila kuondoka kitandani, na anaishia kumnyooshea kidole aliyeuchukua ufalme baada yake, Henry VII. Wauguzi kwenye kundi walikuwa na maoni makali kuhusu mgonjwa wa aina hiyo.

Shida yake ni majina. Akina Edward ni wengi, akina Richard wengi, akina Elizabeth usiseme. Kikao cha kwanza kilikufa. Cha pili mwenzetu alikuja na kalenda ya mwaka uliopita, nyuma kachora ukoo wote kwa kalamu ya rangi, tukaitundika juu ya televisheni. Hapo ndipo watu wakaanza kugombana kama inavyotakiwa.

Mifupa ya Richard III ilifukuliwa hapahapa mjini 2012, chini ya maegesho ya magari, na 2015 ikazikwa upya katika kanisa kuu. Tulipomaliza kitabu tulikwenda wote kulitazama kaburi. Mzee wetu mmoja alisimama pale akasema, "Huyu alikosa mtu wa kumwandikia mapema." Nimelikumbuka sana hilo.

Mdau, Unguja

Wa Leicester, hayo tunayo hata kwetu. Agosti 25, 1896, sultani wetu Sayyid Hamad bin Thuwaini kafa ghafla, watu wakanong'ona sumu, na siku ileile binamu yake Khalid bin Barghash, aliyeutaka usultani, yumo ndani ya jumba. Siku mbili baadaye manowari za Waingereza zikalipiga jumba, vita vikaisha kabla saa moja haijatimia. Aliyeandika historia ni mwenye mizinga. Soma Tey huku ukimfikiria Khalid, utaona majina ya Kiingereza hayakusumbui tena.

Mleta uzi

Hii ya Khalid sikuitarajia kabisa. Musiba hana mtetezi?

Mdau, Morogoro

Yupo. Mimi Kikosi cha Kisasi nilikisoma kidato cha pili, chini ya blanketi, kwa tochi, na nilichapwa kwa ajili yake. Juzijuzi nikakipeleka kwenye kundi letu nikitembea kifua mbele. Mabinti wawili wakaniuliza mbona wanawake humu wapo kwa ajili ya kupendeza na kusaliti tu? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekumbuka mapigo na Kinshasa inakotokea hadithi, hilo nilikuwa sikuliona. Jiandae, kaka, utaulizwa.

Lakini pana jambo jingine. Vijana hawakuelewa kwa nini Willy Gamba, yule mpelelezi wa Musiba, Mtanzania, awe tayari kufa kwa ajili ya wapigania uhuru wa nchi nyingine. Kitabu ni cha 1979. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao Dar es Salaam tangu 1963, na hapa kwetu Mazimbu, palipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) sasa, ANC ya Afrika Kusini walikuwa na shule yao. Nikawasimulia habari ya Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji. Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, alifungua kifurushi. Ndani mna kitabu, na ndani ya kitabu mna bomu.

Pakawa kimya. Halafu mmoja wa wale mabinti akauliza, "Na aliyetuma?" Saa mbili zilizobaki zikaenda hapo: PIDE, polisi wa siri wa Wareno, wasaliti wa ndani, mkono wa nani ulikipitisha. Riwaya hatukuirudia tena siku hiyo.

Mdau, Lubumbashi

Sisi huku hatununui riwaya. Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliuawa karibu na mji wetu, Januari 17, 1961, na jino lake Ubelgiji imelirudisha 2022. Endeleeni.

Mdau, Dodoma

Angalizo la mtu aliyeumia. Vitabu vya Musiba vya zamani vingi utavipata kwa wauza vitabu vya mitumba. Sisi tulinunua nakala mbili, watu sita, tukagawana siku. Kufika mwisho, nakala zote mbili kurasa za mwisho hazipo! Moja zimechanika, nyingine nadhani zilifungiwa karanga. Tulikutana hivyohivyo, kila mtu akaandika kwenye karatasi mwisho anaoudhani, tukazisoma kwa zamu. Mwisho wenyewe tuliusoma baada ya miezi mitatu, na wa fundi wetu wa baiskeli ulikuwa mzuri zaidi.

Mleta uzi

Nimerudi, wakuu. Nilisoma uzi wote kwa sauti pale barazani. Kura tano Musiba, tatu Ngũgĩ, moja Tey (ni ya mwenye birika, na chai ilichelewa sana baada ya matokeo). Wale mabinti wa Morogoro wamenipa swali la kufungulia kikao, na Mondlane tutaanza naye kabla ya Willy Gamba.

Leo nimezunguka Posta, nimepata nakala tatu. Moja haina jalada, ya pili imeandikwa hesabu za mtu pembeni, ya tatu inaishia katikati ya sentensi. Mwenye Kikosi cha Kisasi chenye kurasa za mwisho, niko Sinza, nauli ya bodaboda ni juu yangu.