Mjadala: Je, kiangazi kikali kupita kiasi kinatokana na ongezeko la joto duniani?

Mzee wangu aliyetangulia kuchangia amesema kwamba joto la Januari na Februari hapa Moshi si jambo geni, kwamba hata miaka ya 1970 watu wa Kibosho walijipumzisha chini ya migomba hadi jua lipungue, na kwamba haifai kila jasho kusingiziwa mabadiliko ya tabianchi. Shikamoo, mzee. Kwa hilo la mwisho nakuunga mkono, kwani msimu mmoja wa joto, peke yake, hauthibitishi lolote.

Tunachopaswa kuuliza ni kama misimu ya namna hiyo inajirudia mara nyingi kuliko zamani. Kiangazi cha mwaka 2003 huko Ulaya kiliua watu zaidi ya 70,000, na mwaka uliofuata wanasayansi wa Uingereza walikokotoa kwamba shughuli za binadamu zilikuwa zimeongeza uwezekano wa joto kama lile angalau maradufu. Hawakudai kwamba lisingeweza kutokea kabisa bila sisi. Jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi nalo lilieleza mwaka 2021 kwamba joto kali lililokuwa likitokea mara 1 katika miaka 10, sasa hutokea karibu mara 3.

Barafu ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, sitaitumia kama ushahidi, ingawa najua wengi wataitaja. Ilianza kusinyaa mwishoni mwa karne ya 19, hewa ilipokauka na theluji ikapungua, na hoja yenye utata huo itatuangusha hata pale tulipo na haki.

Mimi nategemea zaidi ushahidi wa joto la usiku. Gesi ya ukaa huzuia joto lisitoroke angani hata jua likiwa limezama. Utafiti wa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya arabika nchini ulionyesha kwamba joto la usiku likipanda kwa nyuzi 1, mavuno hupungua takriban kilo 137 kwa hekta. Kihambani kwetu, yaani kwenye shamba la nyumbani, mama hajifuniki tena blanketi mwezi Februari. Limekunjwa juu ya kasha, naye hulala na shuka moja, dirisha wazi.

Umetueleza mchana wa miaka ile, mzee. Naomba utueleze na usiku wake: mlijifunika nini?