Boxer imelala stoo tangu 2021: kushusha injini, kununua kabureta mpya, au kusafisha ya zamani?

Kijana wa Kisesa
Wakuu, habari za saa hizi. Nina pikipiki ya kaka yangu, Boxer BM 150. Alipohamia Geita mwaka 2021 aliisukuma stoo hapa Kisesa, Mwanza, akafunga mlango. Juzi kanipigia simu, kasema nikiweza kuiwasha niitumie. Petroli iliachwa nusu tangi, betri haikutolewa, tairi ya nyuma imelala chini kabisa. Kiki inashuka vizuri, ila hata kukohoa haikohoi.

Nimepewa ushauri wa aina tatu. Fundi mmoja Igoma anataka kushusha injini abadilishe ringi (pete za pistoni) na gasketi, anasema ikilala miaka yote hiyo ringi zimekufa. Muuza spea mjini anasema nichukue kabureta mpya (kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa) na betri mpya nimalize kazi. Jirani anasema mwaga petroli, weka mpya, piga kiki mpaka iwake. Mimi nataka ya kwendea kazini Nyakato tu, siyo bodaboda. Ipi ina akili? Nawasilisha.

Sangara Mkavu
Uza kama ilivyo, ongezea, chukua ya mkononi inayotembea. Nimemaliza.

FundiKirumba
Mwadila mkuu. Hapo Sangara anakutania. Pikipiki ambayo haiwaki huiuzi kwa bei ya pikipiki, unauza chuma. Iwashe kwanza, halafu ndiyo ufikirie kuiuza.

Huyo aliyetaka kushusha injini, muulize amepima nini. Ringi hazifi kwa kulala peke yake. Zikipata kutu zinagandana na silinda, na hapo kiki ingekataa kushuka. Yako inashuka. Fanya hivi kabla hujampa mtu hela: toa plagi, mimina kijiko kimoja au viwili vya oili safi kwenye tundu, iache usiku kucha. Asubuhi, plagi ikiwa bado nje, shusha kiki taratibu kwa mkono mara kadhaa ili oili ipande. Kisha ziba tundu kwa kidole gumba mtu mwingine apige kiki. Kidole kikisukumwa mpaka kinaachia, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ipo, injini usiiguse. Kikikaa palepale bila kusukumwa, hapo sasa hoja ya fundi wa Igoma ina mashiko, ingawa hata hapo ningeangalia valvu kabla ya ringi.

Ushauri wa jirani ni nusu. Petroli kumwaga, sawa. Kupiga kiki mpaka iwake, hapana. Silinda kavu iliyokaa muda mrefu ukiisugua kwa nguvu unaikwangua, na hizo ringi zilizokuwa nzima ndipo zinapoharibika.

Dada Buswelu
Naongeza kwenye betri, maana watu wengi wanauziwa betri bila sababu, na wengine wanang'ang'ania betri iliyokwisha. Ipime kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa ikipumzika inasoma kama 12.6 na kuendelea. Yako naamini iko chini kabisa. Ikisoma chini ya 10.5, na ukiichaji polepole usiku mzima haipandi, au inapanda halafu kesho imeshuka tena, nunua mpya usijisumbue. Ikikaa bila chaji muda mrefu, sahani za ndani zinaganda salfati na hazirudi. Kwa miaka hiyo yote nakwambia mapema: weka hela ya betri kwenye bajeti.

Ila isikuzuie kujaribu. Una kiki. Azima betri nzima ya rafiki kwa jaribio, usikimbilie dukani kabla hujajua kama injini ni nzima. Na angalia fyuzi kwanza, ni kitu cha bei ya karanga.

Mzee wa Igogo
Mimi na muuza spea tuko pamoja. Kabureta iliyokaa na petroli miaka yote hiyo imejaa gundi mpaka kwenye vijitundu visivyoonekana. Utaisafisha leo, wiki ijayo inazima Mabatini katikati ya foleni. Nunua mpya, funga, ondoka. Muda nao ni hela.

FundiKirumba
Shikamoo mzee. Ungekuwa unaongelea kabureta orijino nisingebisha. Tatizo ni zile za boksi lisilo na jina. Jeti zake, vile vipande vyenye vijitundu vya kupitishia mafuta, unakuta siyo saizi ya Boxer, pikipiki inawaka vizuri lakini inakula mafuta, au inakuwa nzito kupanda kilima. Kisha kijana anarudi kununua jeti, anarudi kununua sindano. Ya zamani ilitoka kiwandani ikiwa imepimwa kwa injini hiyo. Mwili wake ukiwa haujaliwa na kutu nyeupe, isafishwe.

Ukiifungua bakuli lake chini utaona mwenyewe. Petroli iliyooza huwa ya rangi ya chai, inanuka kama vanishi ya mbao, na kwenye kuta za bakuli inaacha utando wa njano unaong'ang'ania kidole. Utando huohuo ndio umeziba jeti ndogo, ile ya sailensi, yaani injini ikinguruma bila kupigwa resi. Tundu lake ni dogo kuliko la sindano ya kushonea. Usilitoboe kwa sindano wala waya wa chuma, utalipanua. Chukua uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme, pitisha, kisha puliza kwa dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa fundi pancha. Liangalie juani: usipoona mwanga upande wa pili bado hujasafisha.

Kosa la wengi ni kusafisha jeti kubwa kwa sababu ndiyo inayoonekana, ile ndogo wanairuka.

Mvuvi wa Nansio
Huku kisiwani mjadala wa mpya au ya zamani hatuna, spea inasubiri meli, kwa hiyo tunasafisha. Lakini mmeisahau tangi! Ukisafisha kabureta halafu tangi lina kutu, umefanya kazi bure. Tangi likiachwa nusu, ile sehemu ya juu yenye hewa inashika unyevu na kuota kutu, na maji yanashuka chini ya petroli kwenye koki. Mwaga kwenye chupa inayoonesha, iache itulie: maji utayaona chini yamejitenga.

Kutu ikiwa ya vumbi tu, mimina siki, tia nati chache za chuma, tikisa, iache ilale, mwaga. Suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha juani mpaka usisikie harufu ya unyevu, kisha zungusha petroli kidogo ndani na kuimwaga. Weka chujio jipya kwenye mpira wa mafuta, na mpira wenyewe ukiwa umekakamaa badilisha. Hizo nati zihesabu kabla na baada.

Na mulika tochi kwenye ekzosi. Nyigu wanapenda sana kujenga humo.

Petroli chafu msimwage mtaroni, mitaro yetu mwisho wake ni ziwani. Wape mafundi waoshee vyuma.

Kijana wa Kisesa
Wabeja sana wote. Mrejesho: kidole kimesukumwa vizuri tu, ikabidi nikitoe. Plagi mpya inatoa moto wa bluu. Nimesafisha tangi na kabureta, nimeweka petroli mpya, oili ya injini nimebadilisha. Imewaka! Ila inakaa na choki tu. Nikirudisha choki inazima. Nikiipiga resi inanguruma, nikiachia inakufa. Je, mzee wa Igogo alikuwa sahihi?

Mzee wa Igogo
Nilisema.

FundiKirumba
Hapana mzee, bado. Hiyo dalili ni ya jeti ndogo. Choki inapunguza hewa, mafuta yanaonekana mengi, inakaa. Ukiitoa, mafuta ya sailensi hayatoshi. Ifungue tena, rudia ile jeti peke yake, pamoja na njia yake ndani ya mwili wa kabureta. Kagua pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na ufa unavuta hewa na dalili ni hiyohiyo.

Ukishindwa mara hii, nunua jeti ndogo peke yake ya Boxer 150. Bado ni nafuu kuliko kabureta nzima.

Sangara Mkavu
Sawa, nafuta ushauri wangu. Ila hiyo tairi iliyolala chini, mjomba, usiijaze upepo ukaenda nayo. Soma namba nne za mwisho kwenye ubavu: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ikiwa na nyufa ubavuni hata kama kashata zake ni mpya, toa.

Dada Buswelu
Na breki. Boxer hiyo ina breki za ngoma, fungua uone kama viatu havijagandana na kutu. Klachi nayo ikigoma kuachia, tia gia, shika klachi, isukume mbele na nyuma pikipiki ikiwa imezimwa, sahani zitaachana. Bima ya kaka yako nina hakika iliisha zamani, shughulikia kabla hujaingia barabara ya Musoma na malori yake.

Kijana wa Kisesa
Nimetoa jeti, kweli kulikuwa na kitu kama uzi wa njano kimekwama. Sasa inakaa bila choki, ila sailensi inapanda na kushuka. Skrubu ya pembeni nifanyeje?

FundiKirumba
Ipashe moto kwanza, zunguka mtaani kidogo. Kisha funga hiyo skrubu taratibu mpaka iguse, usiikaze, irudishe mzunguko mmoja na nusu. Kuanzia hapo sogeza robo robo, ukisikiliza, mpaka injini ingurume juu na kutulia. Ukishapata hapo ndipo ushushe sailensi kwa skrubu ile nyingine ya resi. Usizichanganye.