Aleji za Dodoma: Piriton, setirizini, spreyi ya pua au sindano? Tulinganishe

Mgeni_Kisasa
Wakuu habari za jioni. Nimehamia Dom kikazi natokea Tanga, na tangu upepo wa Julai uanze pua yangu haijapata likizo. Asubuhi chafya mfululizo, macho yanawasha, maji yanatiririka puani, mchana inaziba kabisa na usiku nalala mdomo wazi. Ofisini Mtumba kila mtu ana dawa yake, huyu ananiambia Piriton ndo baba lao, yule setirizini, kuna dada anatumia spreyi ya pua hataki kusikia kitu kingine, halafu mzee mmoja anasema achana na vidonge kachome sindano unakaa msimu mzima. Naomba tulinganishe kwa wanaojua, siyo za kusikia vijiweni. La pili, mwanangu ana miaka mitatu, siku hizi akinywa uji wa lishe anatoka mabaka yanavimba na kuwasha kama kaguswa na upupu, baadae yanapotea yenyewe. Ni aleji hii hii ya kwangu au kitu kingine?

boda_Nkuhungu
Piriton mkuu, hamna mjadala. Bei ya kitoto, kila duka la dawa muhimu ipo hata huku pembezoni, unameza na muda si mrefu chafya zinakata. Kasoro yake usingizi tu. Mimi nikimeza sigusi pikipiki, nameza nikishapaki usiku. Kuna jamaa hapa kijiweni alimeza mchana akawa anasinzia kwenye mataa, abiria akashuka mwenyewe akatembea kwa miguu 😂

Dada_Famasi
Ngoja nichangie maana msimu wa vumbi huwa naushuhudia nikiwa nyuma ya kaunta, itakuwa ndefu mnivumilie.

Piriton ni klofeniramini, dawa ya kizamani, inapenya mpaka kwenye ubongo ndo maana inalaza, na haidumu mwilini, kwa mtu mzima unajikuta unameza kila baada ya saa 4 hadi 6. Kwa dereva au mtu wa ofisini mchana haifai hata kama unajiona uko macho, kwa sababu wepesi wa kuamua unapungua bila mwenyewe kujua. Mzee mwenye tezi dume au mwenye presha ya macho pia simpi bila daktari kusema. Setirizini na loratadini zimekuja baadae, kidonge cha miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, basi. Setirizini inawahi zaidi kufanya kazi ila wapo wanaosinzia nayo kidogo, loratadini wanaosinzia ni wachache. Ikikulegeza moja hamia nyingine, msigombane bure, na usimeze mbili kwa pamoja.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo penye ugomvi. Hivyo vidonge vyote vinakata chafya, kuwashwa na maji ya pua, ila pua ILIYOZIBA vinaigusa kidogo tu. Mtu anameza kila siku bado analala mdomo wazi anakuja kuniambia nimemuuzia dawa feki, wakati kidonge amekipa kazi isiyo yake. Pua inayoziba kila siku ni kazi ya spreyi ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, flutikasoni, mometasoni, beklometasoni, yoyote kati ya hizo. Ubaya wake haiwahi, inataka siku kadhaa na nguvu yake kamili unaweza kuiona baada ya kama wiki mbili, na lazima kila siku. Watu wanapuliza mara mbili tatu wanaitupa kabatini. Unapopuliza inamisha kichwa mbele kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ncha ielekee upande wa nje siyo kwenye ule ukuta wa katikati, na usivute kwa nguvu kama ugoro. Ukipuliza ukutani ndo damu zinatoka.

Halafu msiichanganye na matone ya kuzibua pua yenye ksailometazolini. Yale yanazibua ndani ya dakika, raha sana, lakini ukipitisha wiki pua inayazoea, ukiacha inaziba kuliko mwanzo na unabaki mtumwa wa kichupa.

Mama_wa_Ipagala
Mie mwenzenu ni sindano, na sijaona mtu akinishawishi vinginevyo. Nilichomwa upepo ulipoanza nikakaa kimya mpaka mvua za Desemba. Spreyi kila siku nani anakumbuka, na watoto wanne nyumbani?

Dada_Famasi
Mama nakuelewa, ila inayokaa miezi kwa kawaida huwa ni steroidi ya kuchomwa msulini, inavuja mwilini taratibu na ikishaingia huwezi kuitoa. Sukari inapanda, presha inapanda, ukirudia mara kwa mara mifupa inadhoofu na tezi zilizo juu ya figo zinavivia kutengeneza homoni yake ya asili, wengine hata ngozi inabonyea pale ilipochomwa. Spreyi nayo ni steroidi ndiyo, lakini kiasi chake ni kidogo na sehemu kubwa ya kazi inaishia puani. Uliulizwa kama una kisukari kabla ya kuchomwa?

Mama_wa_Ipagala
Hapana sikuulizwa. Mama yangu anacho. Lakini nawe dada, mtu asiyepumua usiku kucha hizo hesabu anazikumbukia wapi?

Dada_Famasi
Ndo hapo daktari anaweza kukupa prednisoloni, steroidi ya vidonge, kwa siku chache, akijua sukari na presha yako, pua ikifunguka spreyi inashika zamu. Njoo nikupime sukari kwanza, nakusubiri 😀

Mzee_Msalato
Nyie vijana dawa dawa dawa. Habbasoda, asali na kujifukiza. Sisi tumekua hivyo.

Nesi_wa_Zamu
Shikamoo mzee. Mvuke unalainisha makamasi kwa muda sikatai, ila kwa watoto tunapokea waliomwagikiwa na sufuria la maji ya moto, naomba tuuache. Asali nayo chini ya mwaka mmoja hapana kabisa, inaweza kuwa na vimelea vya botulizimu na utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kupambana navyo. Cha nyumbani ninachokikubali ni kusafisha pua kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji YALIYOCHEMSHWA yakapoa, siyo ya bomba moja kwa moja. Hewa ya Dodoma kavu, pua inakauka, maji ya chumvi yanatoa vumbi na kuiacha na unyevu. Fanya hivyo kabla ya spreyi, siyo baada, utaiosha dawa yote.

Sasa niende kwa mtoto maana naona wote mmekimbilia pua za wakubwa. Mgeni_Kisasa, mabaka yanayovimba muda mfupi baada ya kula na kupotea baada ya saa chache yanafanana na aleji ya chakula, haina uhusiano na vumbi lako. Aleji za chakula za namna hii nyingi hujitokeza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili. Shida ya uji wa lishe ni ule mchanganyiko, humo kuna karanga, soya, ngano, wengine wanatia dagaa, wengine unga wa maziwa, na karibu vyote hivyo viko kwenye orodha ya vyakula vinavyoongoza kwa aleji. Kwa hiyo usiseme "aleji ya uji". Simamisha huo unga, mpe uji wa mahindi matupu au ulezi mtupu uliosaga mwenyewe kwenye mashine safi, halafu mpeleke kwa daktari wa watoto. Na tafadhali usimrudishie kimoja kimoja nyumbani kuona kipi kitamtoa mabaka, hilo jaribio lina sehemu yake na ni hospitali.

Cha kushika kichwani: mabaka matupu siyo dharura. Mabaka pamoja na kutapika mfululizo, sauti kukauka, ulimi au midomo kuvimba, kifua kulia filimbi, mtoto kulegea, hiyo ni dharura na Piriton haiokoi. Dawa yake ni adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, na kuchelewa ndo kunaua. Ile kalamu ya adrenalini ya kujichoma siyo kitu cha kukuta kila famasi hapa kwetu, kwa hiyo jua kabisa kituo chako cha karibu chenye huduma usiku ni kipi. Njiani mlaze miguu juu, akishindwa kupumua ndo mkalishe, usimsimamishe wala kumtembeza.

Mwl_Kongwa
Karanga tena! Huku kwetu Kongwa ndo Waingereza walikuja na matrekta yao 1947 kulima karanga, mradi ukafa 1951, karanga zetu zikabaki. Mtoto wa huku anakula mboga ya karanga kabla meno hayajatimia. Mbona aleji hizi hatuzioni sana, si za watoto wa mjini hizi?

Nesi_wa_Zamu
Mwalimu umegusa kitu cha kweli. Kuna utafiti ulifanyika London, ukatoka 2015, watoto wachanga zaidi ya 600 waliokuwa kwenye hatari kubwa, waliolishwa karanga mapema walipata aleji ya karanga kwa asilimia kama 80 pungufu kuliko waliozuiwa mpaka miaka mitano. Kwa hiyo ile ya "usimpe karanga mpaka akue" imepitwa. Mtoto akianza kula karibu na miezi 6 mpe, ikiwa siagi ya karanga imechanganywa kwenye uji, siyo punje nzima atapaliwa. Ila huyu wa Mgeni ni tofauti, ameshaonyesha dalili. Na mwenye ukurutu mkali, daktari amuone kwanza.

Mama_wa_Ipagala
Mdogo wangu aliambiwa mtoto ana aleji ya maziwa ya ng'ombe, bibi akaleta mbuzi kutoka Bahi. Ni sawa?

Nesi_wa_Zamu
Mbuzi mrudisheni Bahi au mchinjeni. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, wengi wenye aleji ya moja wanadhurika na nyingine. Kama shida ni kuharisha na gesi tu bila mabaka wala kuvimba inaweza kuwa laktosi, yaani tumbo linashindwa kusaga sukari ya maziwa, hiyo siyo aleji.

Binti_Makulu
Mimi Dar nilikuwa nabanwa kifua na godoro la chumbani, hapa Dom kifua kimetulia ila pua ndo inalia. Nikaja kuelewa wale wadudu wadogo wa vumbi la ndani wanapenda unyevunyevu wa pwani, huku ukavu unawabana. Vumbi la nje la huku, la viwanja vinavyochimbwa kila kona, linakwangua pua hata ya asiye na aleji. Kwa hiyo msaada wake tofauti: nilipiga marufuku kufagia kavu ndani, ni kudeki kwa tambara bichi, madirisha nafunga upepo wa mchana ukianza, barakoa nikienda Majengo sokoni, na nikirudi nanawa uso na nywele kabla sijakaa kitandani. Koili ya mbu na udi pia nimeacha, hivyo vinawasha pua balaa.

boda_Nkuhungu
Mimi hapa vumbi ndo ofisi yangu 😭

Fundi_Chang'ombe
Msisahau aleji za dawa. Mimi nikimeza dawa yenye salfa natoka doa jeusi mdomoni, sehemu ile ile kila mara. Nimeandika kwenye cheti changu cha kliniki juu kabisa kwa wino mwekundu.

Dada_Famasi
Fundi hilo ni la kusema kila unapoenda, hata ukiandikiwa ya malaria, maana SP nayo ina salfa. Ukiona malengelenge mdomoni na machoni au ngozi inabanduka, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mgeni_Kisasa
Asanteni sana. Mimi naanza spreyi na maji ya chumvi, loratadini nitaweka akiba ya siku za upepo mkali. Kuhusu dogo nimempigia mama anayeuza unga, kanitajia kilichomo: mahindi, ulezi, soya, karanga, ngano na dagaa. Kesho kutwa tunaenda kliniki. Sirapu ya setirizini ipo nyumbani, nimpe kabla ya kwenda asije akawashwa njiani?

Nesi_wa_Zamu
Kwa umri wake setirizini inaruhusiwa kwa kipimo chake na siku ya mabaka mpe, ila usimpe kwa kukinga. Kama watampima kwa kuchoma ngozi hiyo dawa inaficha majibu, huwa wanataka iwe imeachwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo piga simu uulize kwanza. Hiyo orodha ya mama wa unga iandike uende nayo, na mabaka yakitoka tena yapige picha na uandike saa aliyokula na saa yalipotoka. Dokta akikuta mtoto ngozi safi anacheza na kiti, picha ndo itakayoongea.