Naomba ushauri: siku moja Pangani na mama, nimpitishe wapi?

Nasra wa Kange
Wakubwa shikamooni. Jumamosi nampeleka mama yangu Pangani, ana miaka 71. Tunatoka Tanga asubuhi na kurudi jioni. Nataka siku isiyo na mbio: mandazi na mbaazi, mtaa wa zamani kando ya mto, samaki mchana, kisha tuvuke mto kidogo hadi kijiji cha Bweni. Je, mtu mwenye magoti mabovu anapanda pantoni? Na kisiwa cha Maziwe vipi? Usingizi umenipaa, nijibuni mapema.

Nahodha wa Kigombe
Maziwe, mwanangu, hapana. Mivinje ya pale ilikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, limebaki fungu la mchanga, na maji yakijaa linazama lote. Siku za bamvua maji hutoka mnamo saa nne, saa tano asubuhi, ndipo unapata pa kukanyaga. Na kushuka mashuani ni kuruka majini. Baba yangu nilimbeba mgongoni pale, alicheka mpaka akatokwa machozi. Mwaka uliofuata tulimzika.

Mwalimu Mstaafu
Njiani mteremke Tongoni, kilomita kama 17 kutoka Tanga, mama aone makaburi ya nguzo. Pangani penyewe aone Boma. Ni mji huo ambapo Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim tarehe 15 Desemba 1889, baada ya kuwapiga vita pwani nzima. Vijana wanakwenda pale kupiga picha za machweo na kurudi. Inaniuma sana.

Dada wa Makorora
Mdogo wangu, siku ya kupumzika inakukosesha usingizi kwa nini? Na Bweni mnafuata nini?

Nasra wa Kange
Kupunga upepo tu, dada.

Dada wa Makorora
Mwenye magoti mabovu havuki mto kufuata upepo. Sema.

Nasra wa Kange
Haya. Mama kazaliwa Bweni. Alikosana na kaka yake mwaka 1987 kwa minazi ya babu, tangu hapo hajavuka mto ule. Sasa mjomba anaumwa, amenipigia mwenyewe. Mama sijamwambia, anajua tunakwenda kutembea. Msinilaumu, ningemwambia asingetoka ndani. Siti nimeshalipia na mjomba ameshaagiza samaki.

Mkwezi
Kumhadaa mzazi! Radhi zake utaziomba wapi?

Abuu Twalha
Msuluhishi hahesabiwi mwongo, Mkwezi. Mimi na ndugu yangu tulipatanishwa kwa hila kama hiyo, msibani. Leo tunakula sahani moja.

Fundi Saa
Wakuu, hii chai. Mwezi wa tatu dada huyu huyu alifungua uzi wa mirathi ya marehemu mama yake. Leo marehemu anapanda pantoni?

Mkwezi
Kumbe! Na mimi nilikuwa namwombea dua.

Nahodha wa Kigombe
Kama ni uongo, umenifanya nimtaje baba yangu bure.

Nasra wa Kange
Si uongo, baba. Aliyefariki ni mama mkubwa, aliyenilea tangu nina miaka miwili. Sikuwahi kumwita jina jingine zaidi ya mama. Na mirathi ile ni ya minazi hiyo hiyo ya Bweni.

Dada wa Makorora
Ngoja. Basi mjomba anataka suluhu au anataka sahihi ya mama?

Nasra wa Kange
Vyote viwili. Karatasi zipo. Lakini anaumwa kweli dada, nimemsikia anavyokohoa. Na mama kila magharibi anamtaja kwenye dua, anadhani simsikii.

Dada wa Makorora
Karatasi ziache siku nyingine. Mkifika Pangani, kabla ya kuvuka, mkalishe kivulini, anywe maji, Bweni iko mbele ya macho yake. Hapo mwambie yote, na za karatasi umwambie. Miguu ni yake.

Nasra wa Kange
Na asipoinuka?

Nahodha wa Kigombe
Mjomba ana vijana? Wamvushe yeye na hao samaki wake. Pantoni inakwenda na kurudi, mwanangu, mto ule ni wa dakika chache tu.

Nasra wa Kange
Nampigia sasa hivi.